LUKU Haikai: Namna ya Kumsaka Mlaji wa Uniti Nyumbani

Simu ninazopigiwa kuliko zote hazihusu shoti wala soketi iliyoungua. Ni hii: "Fundi, njoo unitazamie mita, inakula umeme balaa." Nikifika, neno la pili huwa, "Hii mita waliyotuletea ni ya wizi." Mita mbovu zipo, sikatai, lakini katika nyumba zote nilizoingia nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwingine kote mita ilikuwa sawa na mlaji yumo humo humo ndani: kwenye friji, kwenye bomba la kuogea, kwenye waya uliofukiwa kwenda getini, au kwenye ujumbe wa malipo ambao hakuna aliyeusoma hadi mwisho.

Nimeyapanga mambo kwa malalamiko, kama yanavyonifikia. Tafuta la kwako uanzie hapo. Bei ninazotaja ni za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania Bara, na LUKU ndiyo mfumo wake wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Walioko Unguja na Pemba wana ZECO na Tukuza yao, na wa Kenya wana tokeni zao. Hao waruke hesabu za shilingi, vipimo vingine vyote ni vile vile.

Ila kwanza tuelewane kuhusu uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, basi. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 linaimaliza kwa nusu saa. Balbu ya wati 10 inataka saa 100 kuimaliza hiyo hiyo. Ndiyo maana ukiniuliza "kipi kinakula sana?" nami nitakuuliza, "kinawaka saa ngapi?"

"Hela ile ile, uniti pungufu"

Hili halitaki fundi, linataka miwani. Fungua ujumbe wa malipo, shuka taratibu mpaka chini, usiishie kwenye zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita.

Wateja wa majumbani wengi wako kwenye moja ya tarifu mbili. D1 ni ya watumiaji wadogo: uniti 75 za mwanzo katika mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kila inayozidi hapo ni 350. T1 ni ya matumizi ya kawaida: 292 tangu uniti ya kwanza. Bei hizi za msingi ni za tangu Aprili 2016. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kwa hiyo inayokutoka mfukoni ni 122 kwa uniti ya D1, 427 kwa ile iliyovuka 75, na kama 356 kwa ya T1.

Sasa angalia. Mtu wa D1 ananunua umeme wa 10,000 mwanzo wa mwezi. Anapata uniti 77 hivi. Tarehe 20 zimeisha, ananunua tena 10,000, anapata 23. Anashika kichwa, anapiga simu, anasema kaibiwa. Hajaibiwa: kavuka 75. Uniti ya 76 ni ghali mara tatu na nusu kuliko ya 75. Na ukinunua umeme wa 20,000 kwa mkupuo ukidhani unajiwekea akiba ya miezi miwili, umejiumiza mwenyewe, kwa sababu kinachohesabiwa ni ulichonunua ndani ya mwezi, hata kama umekiweka tu kwenye mita. Nunua 75 mwezi huu, 75 nyingine ukianza mwezi ujao. Kwa D1, 9,150 ndiyo bei ya uniti 75 kamili.

Kingine ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa zina kiwango chao kikubwa zaidi. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Mtu wa T1 aliyezoea kupata uniti 28 kwa 10,000 atapata kama 24 siku hiyo, na akinunua tena wiki ijayo zinarudi 28. Kama mita ilikaa miezi bila kununuliwa umeme, malimbikizo yanakusubiri. Nyumba moja yenye mita mbili haipaswi kukatwa kodi mara mbili. Hilo lipeleke TRA. Na wewe mpangaji, kumbuka kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Weka ujumbe, mwonyeshe siku ya kulipa pango mkatane.

La mwisho hapa: ulikuwa D1, ghafla uniti zote zimekuwa za bei moja kubwa. Umehamishiwa T1 kwa sababu umezidisha 75 mara kwa mara. Kurudi kunawezekana. Unaenda ofisi yao, unaomba, wanatazama historia ya manunuzi yako. Lakini usiende kabla hujamkamata mlaji, maana utarudishwa leo na kuhamishwa tena baadaye.

"Zinapungua hata nikizima kila kitu"

Hapa ndipo kazi yenyewe, na kipimo chake hakigharimu hata senti.

Mita ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600 kwa kila uniti. Maana yake ikipepesa mara 1,000, au mara 1,600, uniti moja imeondoka. Ukitaka kujua nyumba inakula kiasi gani sasa hivi, hesabu mipepeso kwa dakika sita, zidisha kwa kumi, ugawe kwa hiyo namba. Mipepeso 12 kwa dakika sita kwenye mita ya 1000 ni 120 kwa saa, yaani uniti 0.12 kwa saa, karibu uniti tatu kwa siku. Fanya hesabu hiyo ukiwa umeacha friji peke yake na utajua mengi.

Sasa zima swichi kubwa, ile mafundi tunaiita meni. Simama mbele ya mita dakika tano nzima, usiondoke kwenda kuchungulia chungu jikoni.

Taa ikiendelea kupepesa na meni imezimwa, basi kuna kitu kinachokula kati ya mita na meni. Inaweza kuwa waya umechubuka, au mtu kajiunga. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba mbili zilizoungana dari. Mita ya huku inapepesa, meni imezimwa, na upande wa pili mtu anaangalia mpira kwa raha zake. Waya ulikuwa umepita juu ya dari, umefichwa nyuma ya mbao, umeungwa vizuri kwa kweli, kazi ya fundi. Ukikuta hali hii usipande mwenyewe wala usifungue mita. Lakiri ikikatika, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Toa taarifa TANESCO, waje waone kabla waya haujanyofolewa.

Taa ikizima, mlaji yuko ndani. Chomoa kila kitu kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa. Zima breka zote, washa meni, kisha washa breka moja baada ya nyingine, kila moja uipe dakika mbili. Breka itakayoifanya taa ipepese wakati hakuna kitu kilichochomekwa ndiyo yenye mgonjwa.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na wewe una rimoti tu, huwezi kuona taa, na ukizima meni rimoti nayo inakufa. Usihangaike. Andika uniti zilizopo, zima meni saa moja, washa, soma tena. Saa moja bila meni, namba haitakiwi kusogea.

Mgonjwa anayejirudia ni umeme unaovuja kwenda ardhini. Masika yakianza, simu huongezeka. Nyumba moja Tanga kulikuwa na waya wa taa ya banda la kuku, umefukiwa bila bomba, umeungwa katikati na kuzungushiwa tepu nyeusi. Kiangazi hakukuwa na tatizo. Mvua ikinyesha, udongo unalowa, tepu inaingiza maji, na umeme unaondoka polepole usiku na mchana. Balbu ya banda ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuwa ule waya upo. Wale kuku hawakuwa na taa lakini walikuwa wanakula uniti mbili na ushee kila siku.

Dalili nyingine ya kuvuja ni bomba au sinki kukutekenya ukiligusa, hasa ukiwa pekupeku. Hapo tumeacha habari za bili. Zima meni, watoto wasioge, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni hita ya maji ambayo koili yake imepasuka.

"Usiku tumelala, asubuhi zimepungua tatu"

Wakati wa kulala kilichobaki kikifanya kazi ni kitu gani? Friji. Na kama una simtanki na pampu, na hiyo pia. Na taa za nje.

Tuanze na friji, maana ndiyo inayolaumiwa pale isipostahili na kusamehewa pale inapostahili lawama. Friji nzima ya kawaida ya nyumbani hula kama uniti moja kwa siku, ndogo hata chini ya hapo, kwa sababu mashine yake inawaka, inapoza, inapumzika. Siri yote iko kwenye kule kupumzika. Friji ya wati 120 isiyopumzika inakula karibu uniti tatu kwa siku, kama 86 kwa mwezi. Kwa T1 hiyo ni zaidi ya 30,000, kwa friji tu. Kwa D1, friji peke yake imekutoa kwenye 75.

Mama mmoja Mbagala aliniita akiwa amekwisha kuamua kwamba mita ibadilishwe. Nikamwambia, "Mama, nipe noti ya elfu moja." Akacheka, akidhani naanza na hela ya soda. Nikaibana noti kwenye mlango wa friji, nikafunga, nikavuta. Ikatoka bila kushikwa, kama imetoka kwenye pochi. Nikajaribu upande wa juu, ikashika. Upande wa bawaba chini, ikadondoka yenyewe. Ule mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa na una ukungu mweusi, na hewa ya joto inaingia usiku kucha. Mashine ilikuwa inaunguruma tangu nilipoingia na haikunyamaza mpaka nilipoondoka. Hilo la kusikiliza ni kipimo tosha: kaa jikoni nusu saa usiku, nyumba ikiwa kimya. Kama friji haikunyamaza hata mara moja, inaumwa.

Mpira tuliuosha kwa maji ya moto na sabuni, tukaulainisha kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukarudi umbo. Uliokatika hauponi hivyo, unabadilishwa. Kisha tukaivuta friji kutoka ukutani. Nyuma yake, vile vyuma vyeusi vinavyotoa joto vilikuwa vimevaa vumbi kama blanketi. Fagio laini, friji ikiwa imechomolewa, dakika kumi. Tukaiacha nafasi ya kama kiganja kutoka ukutani na tukaihamisha kutoka pembeni ya jiko la mkaa. Barafu ikizidi unene wa kidole kwenye friza, iyeyushe, usiibanjue kwa kisu. Nimeona friji ngapi zikifa kwa kisu cha barafu. Na chungu cha maharage yanayotoa mvuke hakiingii humo mpaka kipoe.

Kama mpira unashika, nyuma ni safi, na bado hainyamazi, basi gesi imepungua au mashine imechoka, au umeme wa mtaa wenu ni mdogo. Umeme mdogo unatambulika: jioni taa zinafifia, feni inazunguka kwa uvivu. Friji kwenye umeme huo inahangaika muda mrefu zaidi na hatimaye inaungua. Hilo ni la kuripoti, majirani mkiwa pamoja.

Pampu nayo ina ujanja wake. Kuna nyumba pampu ilikuwa inajiwasha saa saba usiku, saa tisa, saa kumi na moja. Hakuna anayeoga saa tisa usiku. Tulipofuatilia, choo cha chumba cha wageni kilikuwa kinapitisha maji kidogo kidogo bila sauti, tangi linashuka, kidude cha kuelea kinaiamsha pampu. Pampu ya nguvu farasi moja hula karibu uniti moja kwa saa. Dondosha matone ya rangi ya chakula au kahawa kwenye tangi la choo, usivute, subiri robo saa. Rangi ikitokea chini kwenye bakuli, umempata. Mwenye nyumba alilipa bili ya maji na ya umeme kwa kosa moja la mpira wa mia chache.

Taa za nje sitazichelewesha. Balbu nne za zamani za wati 60, saa 12 za usiku, zinakaribia uniti tatu. Ukiweka LED za wati 9, ni chini ya nusu uniti. Hakuna tiba rahisi kuliko hii na bado kila wiki naikuta haijafanywa, kwa sababu "hizo balbu bado zinawaka, fundi."

"Asubuhi zinaporomoka"

Chochote kinachozalisha joto kinakula: hita, pasi, jagi, jiko. Ukiona uniti zinashuka kwa mkupuo kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi, mlaji yumo kwenye kundi hilo, na mara nyingi ni bafuni.

Hita ya bombani, ile inayochemsha maji yakipita, ina wati 3,500 hadi 5,500. Chukua ya 4,500: dakika kumi ni robo tatu ya uniti. Watu watano kwa siku, uniti karibu nne. Mwezi mzima kama 112, na kwa T1 ni shilingi 40,000 za kuoga. Dar es Salaam, ambako maji ya simtanki la juu ya paa yakifika saa kumi jioni yameshapata uvuguvugu bure, naona hita ikiwashwa Januari. Sina la kusema. Iringa au Njombe mwezi wa Juni siwezi kumwambia mtu asioge maji ya moto, ila ndoo ya lita 20 kuifikisha joto la kuogea ni karibu nusu uniti, na ndoo hiyo inaogesha watoto wawili. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ichomoe kwenye soketi kabla hujagusa maji, kila siku, hata kama una haraka.

Hita ya tangi ina kosa lake: kuachwa imewashwa mchana kutwa. Inachemsha, inapoa, inachemsha tena, na hakuna aliye nyumbani. Washa nusu saa au dakika arobaini kabla ya kuoga, zima.

Pasi: nguo za shule za wiki nzima zipigwe Jumapili kwa mara moja. Kila ukiiwasha upya kwa shati moja unalipia kuipasha chuma chote. Jagi: lita moja kuchemka ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti, si kitu cha kuogopa, lakini watu wanajaza lita mbili kwa kikombe kimoja, kisha baada ya saa moja wanachemsha yale yale. Chupa ya chai ipo kabatini kwa kazi gani?

"Tangu tuache mkaa, umeme haukai"

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na kaya nyingi zimeanza kupikia umeme. Bili lazima ipande, usishangae. Swali ni imepanda kiasi gani, na umetoa gharama ya mkaa upande wa pili? Wengi wanahesabu LUKU pekee, wanasahau debe la mkaa ambalo hawanunui tena.

Tofauti kubwa iko kwenye aina ya jiko. Maharage kwenye jiko la koili la wati 1,500 kwa saa mbili yanaweza kula hadi uniti tatu, zaidi ya shilingi 1,000 kwa T1. Maharage hayo hayo kwenye presha kuka ya umeme ni chini ya nusu uniti, kwa sababu ikishapata presha inajizima na kujiwasha kidogo tu, na joto halitoki. Kwa hiyo vitu vigumu, maharage, makongoro, kande, peleka kwenye presha. Kukaanga na chapati, gesi bado ni nafuu ya akili na ya mfuko.

Mtu wa D1 afanye hesabu hii: 75 kwa mwezi ni 2.5 kwa siku. Kama sasa unatumia uniti 60, presha kuka ya nusu uniti kila siku inaongeza 15. Umefika 75 pale pale, hujavuka. Jiko la koili la uniti tatu kwa siku lingekutoa katikati ya mwezi.

"Sisi tuko wapangaji sita, mita moja"

Hapa tatizo halimo kwenye waya. Utaratibu wa "kila chumba elfu tano, mwenye friji aongeze elfu tatu" unamwonea mtu mmoja kila mwezi, na anajijua. Mwenye chumba cha balbu moja ya LED, redio na simu hula kama uniti tatu kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 1,100 hivi kwa T1. Yeye analipa 5,000 na bado anaambiwa azime redio. Na mwenye friji mbovu kama ile ya Mbagala analipa 8,000 kwa umeme wa 30,000.

Dawa ni mita ndogo kwa kila chumba, sabmita, ifungwe na fundi anayejua, baada ya breka ya nyumba. Kila mwisho wa mwezi mnasoma wote mkiwepo, mnaandika kwenye karatasi mlangoni, kila mtu anazidisha uniti zake kwa bei mliyonunulia. Nimefunga hizi kwenye nyumba ambazo watu walikuwa hawasalimiani. Baba mwenye nyumba mmoja aligoma, akasema, "Fundi, utaniletea mahesabu nyumbani kwangu." Mwezi uliofuata alinipigia mwenyewe, baada ya wapangaji kugombana mpaka mwenyekiti wa mtaa akaitwa.

Mambo ya kutojisumbua nayo

Chaja ya simu. Kuchaji simu kila siku mwezi mzima hakufiki uniti moja. TV ya bapa ya inchi 32 na king'amuzi, saa kumi kwa siku, ni kama nusu uniti na kidogo. Mwache bibi aangalie tamthilia yake. Feni usiku kucha ni nusu uniti. Kiyoyozi ni habari nyingine, hicho kiangalie: cha nguvu farasi moja na nusu kinaweza kula uniti tano hadi nane kwa usiku mmoja, hivyo kiwekwe kwenye nyuzi 25 au 26, chujio lioshwe, na madirisha yafungwe kweli kweli.

Halafu kuna vile vidude vinauzwa barabarani na mitandaoni, unachomeka kwenye soketi, kinawaka taa ya kijani, unaambiwa bili inapungua nusu. Nimevifungua. Ndani kuna kapasita ndogo na hiyo taa. Mita ya nyumbani inahesabu uniti ulizotumia kweli, na kapasita haiwezi kuzipunguza. Umenunua taa ya kijani.

Na kishoka anayekuja na "dogo anajua kuilaza mita" mwonyeshe mlango. Mbali na kesi na faini, waya unaoruka mita haupiti kwenye breka yoyote. Siku ikipiga shoti hakuna kitakachokata.

Ukiwa umefanya yote na bado

Basi sasa ndiyo tuseme mita. Kabla ya kwenda ofisini, siku saba mfululizo andika uniti zilizobaki, saa ile ile, tuseme saa mbili usiku, kwenye kalenda ya ukutani. Andika pia ulichonunua na siku maalumu, kama siku ya kufua au wageni. Fanya kile kipimo cha meni ukiwa na shahidi, upige picha za mita kabla na baada.

Ukifika na karatasi hiyo, omba mita ipimwe. Huwa wanaweza kufunga mita nyingine sambamba ya kulinganisha, na ndani ya siku chache inajulikana ipi inasema kweli. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko, uiandike hapo hapo kwenye kalenda. Ukikaa bila majibu, hatua inayofuata ni EWURA, na baraza lao la watumiaji, EWURA CCC, linakusaidia kuandika lalamiko bila malipo. Kitu cha kwanza watakachokuuliza ni ile namba.